Uliza Wakili: Nataka kusomea haki za raia Marekani, naanzia wapi?

Toleo lililopita niligusia juujuu tu kwamba masta yangu nilisomea Marekani, basi imekuwa balaa, barua zote mwezi huu ni hizohizo. Nimechagua chache. Majina nimeyatoa, nimeacha mahali tu ili mjijue.

Wa Ubungo, Dar: Dada Wakili mambo vipi, mie nipo mwaka wa nne LLB (digrii ya kwanza ya sheria) hapo Mlimani, nataka sana nikasomee haki za raia Marekani. Kaka angu anasema niombe JD ndo uwakili kamili, rafiki angu anasema LLM inatosha, mwingine ananitisha na LSAT. Nimevurugwa. Na hela sina, nakwambia mapema.

Poa mdogo wangu. Kwanza hakuna digrii inaitwa haki za raia. Unaenda kusoma sheria kama sheria, afu haki za raia unazikuta zimetawanyika, kidogo kwenye katiba, kidogo kwenye sheria za kazi, kidogo kwenye jinai, na nyingi kuliko zote kwenye utaratibu wa madai, lile somo ambalo sisi Mlimani tulikuwa tunatafuta desa usiku wa kuamkia pepa ili tu tusipate sapu. Huko ndo moyo wenyewe wa mambo ulipo, nitarudi hapo chini.

JD, ile digrii yao ya uwakili, ni miaka 3 na wenzetu wanaisoma wakiwa tayari na digrii nyingine, maana kule mtu hatoki fom siksi akaingia sheria moja kwa moja, anaanza na historia au bailojia au hata muziki miaka 4 ndo anaomba. LSAT ni mtihani wa kuingilia JD, alama zake zinaanzia 120 mpaka 180, na ndani hamna sheria hata tone, ni kusoma aya ngumu na kupima hoja za watu. Wewe ushakuwa na LLB, kwaiyo LLM, yaani masta ya sheria, ya mwaka mmoja ilitengenezwa kwa watu kama wewe na LSAT haikuhusu. Watataka transkripti, barua za walimu wako, insha yako, na mara nyingi TOEFL (mtihani wa Kiingereza), hata kama umesomeshwa kwa ung'eng'e tangu sekondari usibishane nao fanya tu.

Sasa hela. Shule kubwa za binafsi ada peke yake inapita dola 70,000 kwa mwaka, hujala, hujalala, hujalipa bima. Mikopo ya serikali yao ni ya raia na wakazi wa kudumu, wewe mgeni huioni, hakuna cha bumu huko. Kwaiyo kaka yako akirudia habari za JD mwambie azidishe iyo namba mara 3 afu aitishe kikao cha ukoo. Angalia Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, inalipia masta, ila ujue ukimaliza unatakiwa urudi nyumbani ukae miaka 2 kabla hujaomba viza za kuhamia au za kazi. Na shule zenyewe zinapunguza ada ukiomba, tena ukishapata nafasi waandikie imeili kwa adabu uwaambie shule nyingine imenipa kiasi hiki, nyie mnaweza kufika wapi? Wabongo tunaona aibu. Mie niliona aibu wiki mbili nzima, nilipoandika wakanijibu siku iliyofuata na pesa waliongeza.

Usije ukadanganywa eti utaosha vyombo mgahawani ulipie ada. Viza ya mwanafunzi, F-1, inaruhusu kazi za ndani ya chuo, masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, ni hela ya sabuni na nauli. Na haya mambo ya viza yanabadilika kila kukicha, kabla hujalipa ada yoyote ya maombi soma tovuti ya ubalozi siku iyohiyo, usitegemee cha kuambiwa na mtu aliyeenda miaka mitano iliyopita, mie nikiwemo.

Insha usianze na "tangu utotoni nimependa haki". Wote wanaandika hivyo, dunia nzima. Andika ile siku ulikaa benchi la Mahakama ya Mwanzo ukaona mama wa watu anaambiwa arudi mwezi ujao kwa mara ya sita kisa faili halionekani, eleza alivaaje, alijibuje, karani alikuwa anafanya nini. Hiyo wataisoma mpaka mwisho.

Wa Nyamagana, Mwanza: Mimi ni mwalimu wa historia. Wanafunzi wangu kuhusu haki za weusi Marekani wanamjua Martin Luther King na Rosa Parks, basi. Nasikia nyuma yao kulikuwa na mawakili. Tupe japo kidogo nikawape darasani.

Shikamoo mwalimu. Kidogo sitoweza, vumilia.

Washington kuna chuo kinaitwa Howard, kitivo chake cha sheria kilianza 1869, miaka michache tu baada ya utumwa kufutwa. Mwaka 1929 akaja kukiongoza jamaa anaitwa Charles Hamilton Houston, mwenyewe alisoma Harvard. Kilikuwa kinafundisha jioni, wanafunzi ni watu wa kazi zao, wanakuja wamechoka. Houston akafuta masomo ya jioni akaweka ya mchana ya kutwa, akakaza mitihani, watu wakadisko kwelikweli, wakamchukia. Fikra yake ilikuwa moja, wakili mweusi akisimama mbele ya jaji mzungu hana nafasi ya kukosea hata koma. Darasa la 1933 aliyeongoza ni Thurgood Marshall, kijana wa Baltimore ambaye chuo cha sheria cha jimbo lake, Maryland, kilikuwa hakipokei weusi, ikabidi awe anapanda treni kila siku kwenda Washington. Kesi kubwa ya kwanza ya Marshall na mwalimu wake unajua walimshitaki nani? Chuo hichohicho cha Maryland. Wakashinda.

Hapa ndo utamu ulipo mwalimu. Tangu hukumu ya 1896 sheria ya Marekani ilikuwa inasema mnaweza kuwatenga weusi na weupe ilimradi huduma ziwe sawa. Houston hakuanza kwa kupiga kelele kwamba kutenga ni kubaya. Alisema haya, mmesema sawa, nionyesheni hiyo sawa. Na akaenda kuitafutia kwenye shule za sheria, kwa hesabu kali sana. Majimbo ya kusini yalikuwa hayana kabisa shule za sheria za weusi, na kumjengea mwanafunzi mmoja shule nzima ni gharama ya kichaa. Afu majaji karibu wote wamepita shule ya sheria, hauwezi kumdanganya jaji kuhusu kitu alichokikalia miaka mitatu.

Texas wakajaribu kumdanganya. Mwaka 1946 mtu wa posta anaitwa Heman Sweatt, mgawa barua wa Houston (mji, usimchanganye na mwalimu), akaomba kusoma sheria chuo cha jimbo. Wakamkataa kwa rangi. Akashitaki. Jimbo kuona maji yamefika shingoni likafungua "shule ya sheria ya weusi" kwenye vyumba vya chini vya jengo moja Austin, vichache tu, karibu na bunge lao, wakasema haya tayari, iko sawa. Marshall akaipeleka mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 1950 majaji wote kwa sauti moja wakasema hapana, shule ni zaidi ya vyumba na vitabu, ni sifa yake, ni walimu wake, ni watu unaokaa nao ambao kesho watakuwa majaji na mawakili wenzako. Ukishasema hivyo kuhusu shule ya sheria utasemaje kuhusu shule ya msingi? Miaka minne baadaye, 17 Mei 1954, ikaja kesi ya Brown na kutenga watoto shuleni kukapigwa marufuku. Houston hakuiona hata hukumu ya Sweatt, alifariki Aprili 1950, wiki chache kabla.

Na waambie wanafunzi wako wadai hawakutoka salama wote. Lloyd Gaines alishinda kesi kama hiyo dhidi ya Missouri mwaka 1938. Machi 1939 akiwa Chicago jioni akasema anatoka kidogo kununua stempu. Hajaonekana mpaka leo. Sweatt mwenyewe aliingia chuo, afya ikamshinda na ndoa ikavunjika, akaacha bila kumaliza. Kesi zinaitwa kwa majina yao na wao uwakili hawakuupata, mie hii huwa inanikaa kooni kila nikiisoma.

Wa Kahama: Naona kwenye video Marekani polisi wakimuonea mtu analipwa mamilioni ya dola. Hiyo sheria inaitwaje na sisi mbona hatuna?

Inaitwa kifungu 1983. Iyo namba sio mwaka, ni namba ya kifungu tu, sheria yenyewe ni ya 1871, ilitungwa kipindi Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, wanaua weusi kusini na masherifu wanaangalia pembeni. Inasema kwa ufupi, ofisa akitumia mamlaka ya jimbo kukunyima haki yako ya kikatiba, unaruhusiwa kumdai mahakamani. Sentensi moja ndefu. Ikalala karibu miaka 90.

Aliyeiamsha ni kesi ya Monroe. Mie nilikutana nayo vibaya. Kule mwalimu hafundishi kama huku anakusomea nukuu unaandika, kule mmesoma kesi usiku, asubuhi anafungua orodha ya majina anakuita wewe, unabaki unahojiwa mbele ya watu themanini kama shahidi aliyekamatwa anadanganya, na ukijibu vizuri hakusifii, anabadilisha kitu kimoja kwenye stori anakuuliza tena. Wiki ya tatu, saa mbili na nusu asubuhi, baridi, profesa mama mmoja mfupi mwenye miwani ya kamba akatamka jina langu la ukoo kwa tabu sana, nikajua nimekwisha.

Nikaeleza vizuri tu. Oktoba 1958, Chicago, alfajiri, polisi 13 wanavunja nyumba ya Monroe bila hati ya upekuzi, wanamsimamisha sebuleni uchi na mkewe mbele ya watoto, wanamwaga madroo, wanachana magodoro, wanamchukua wanamkalisha kituoni masaa 10 wanamwachia bila shitaka lolote. Akaniuliza, Monroe amekuja mahakama ya shirikisho, yaani ya taifa na sio ya jimbo, kwa msingi gani? Nikajibu kwa hisia zote, kwa sababu haki zake zimevunjwa! Akasema hilo kila mtu humu ndani ameliona, mimi nakuuliza kaingilia mlango gani. Kimya. Mlango gani, akarudia, Chicago walisema polisi hawa wamevunja hata sheria ya jimbo lenyewe la Illinois, sasa kama wamevunja sheria ya jimbo walikuwa wanatenda kwa mamlaka ya jimbo kivipi, si wahuni wa kawaida tu, aende mahakama za huko huko Illinois? Nilihisi masikio yanawaka moto. Nilikuwa nimesoma ile kesi kama taarifa ya habari, nikasikitika, nikalala.

Jibu, kwa faida yako wewe ambaye hautoulizwa, ni kwamba mwaka 1961 Mahakama ya Juu ilisema polisi akiwa na beji na bunduki ya jimbo anatenda kwa mamlaka ya jimbo hata anapoyatumia vibaya, kwaiyo mlango wa shirikisho uko wazi. Mafuriko ya kesi yakaanzia hapo.

Ila usidhani ni mteremko. Mahakama zilezile zikajenga kinga ya polisi, kwamba ofisa hadaiwi kama haki aliyoivunja ilikuwa "haijawa wazi" wakati ule, na uwazi wenyewe unatafutwa kwenye kesi za nyuma zinazofanana na yako. Kwaiyo kuna watu wamepigwa kweli, video ipo, na kesi imetupwa kwa sababu hakuna aliyewahi kupigwa kwa namna ileile kabla yao. Ukiona mtu kalipwa mamilioni ujue umeona mmoja, na mara nyingi aliyelipa ni jiji, mfukoni mwa ofisa haikutoka hata senti.

Sisi kusema hatuna sio kweli. Haki ziliingizwa kwenye Katiba ya Tanzania mwaka 1984 na zikaanza kudaiwa mahakamani 1988, na kuna sheria ya 1994 inayoonyesha namna ya kuzidai. Shida iko kwenye mlango, palepale yule mama alipokuwa ananibana. Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya sheria ya ndoa ya 1971 vilivyoruhusu mtoto wa kike kuolewa chini ya miaka 18, akashinda 2016, Rufani ikamuunga mkono 2019. Mwaka uliofuata sheria ikarekebishwa, ikawa ukipeleka shauri la haki za msingi lazima uambatanishe hati ya kiapo kuonyesha jambo hilo limekugusaje wewe binafsi. Kenya wao Katiba ya 2010 ibara ya 22 inamruhusu mtu kushitaki hata kwa niaba ya mwingine au kwa maslahi ya umma. Haki karibu zilezile, kizingiti tofauti kabisa. Ukiniuliza mimi masta nzima ilinifundisha nini nitakwambia ni kuanza kusoma sheria kwa kuangalia kizingiti, maneno matamu ya ndani nayasoma baadae.

Wa Ilala: Ni kweli vyuo vya kule vinawapendelea weusi kwenye nafasi?

Ilikuwa inaruhusiwa rangi kuwa kigezo kimojawapo. 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ikafuta. Kwenye insha bado unaweza kueleza rangi yako ilivyogusa maisha yako. Usiweke matumaini hapo, kaza TOEFL.

Wa Likoni, Mombasa: Hebu nisaidie dadangu. Baba yangu siasa zikipamba moto hutuambia ati haki za Kenya ziliandikwa na wakili Mmarekani mweusi. Mimi hudhani ni porojo za wazee.

Mwombe mzee radhi. Ni Marshall yuleyule wa hapo juu. Tom Mboya alimwomba awe mshauri wa ujumbe wa Waafrika kwenye mkutano wa katiba, Lancaster House London, mwanzoni mwa 1960, na Marshall akaandika rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya Kenya. Katiba iliyokuja baadae haikuwa nakala ya rasimu yake neno kwa neno, hapo mzee amekoleza chumvi kidogo, lakini mkono wake ulikuwepo.

Kinachonifurahisha mie ni kwamba kabla ya London alipitia Kenya, na inasimuliwa afisa wa kikoloni alimzuia asiingie kwenye mkutano Kiambu. Akaomba basi aruhusiwe kusema neno moja tu kwa watu waliokuwa wanangoja nje. Neno moja, haya. Akapaza sauti, "Uhuru!" Watu wakalipuka.

Kinachonipa tabu nacho ni hiki. Kwao Marshall alikuwa anawatetea wachache waliokuwa wanaonewa na wengi. Kenya wachache walikuwa Wazungu na Wahindi, na Wazungu wale ndo walikuwa wamekalia ardhi nono. Akaandika kinga za mali na fidia kwa ajili yao kwa uzito uleule ambao angewaandikia weusi wa Mississippi. Wapo wanaosema alionyesha msimamo, haki ikiwa ya wengi tu basi sio haki. Wapo wanaosema alisaidia kuifunga habari ya ardhi kabla wenye ardhi hawajaulizwa. Mie nikiwa mwanafunzi nilikuwa upande wa kwanza, siku hizi nayumba. Muulize mzee yeye anasemaje, yeye ndo aliishi na matokeo, afu niandikie.

Wa Moshi: Dada, mimi ni binti nipo fom siksi HKL, nataka sheria, baba anasema mahakamani kwa wanaume, niende ualimu.

Mwanangu, mwaka 1941 Howard aliingia binti anaitwa Pauli Murray, darasani mwanamke peke yake. Siku ya kwanza kabisa profesa mmoja akasema mbele ya watu hajui wanawake wanafuata nini kwenye shule ya sheria, darasa likacheka. Hao ni weusi wenzake, shule ileile ya mapambano. Akaongoza darasa 1944. Anayeongoza kwa desturi alikuwa anaenda Harvard kuendelea, yeye Harvard wakamjibu sio wa jinsia inayopokelewa, na kweli walikuwa hawapokei wanawake mpaka 1950.

Akiwa bado Howard alisema darasani kwamba mbinu ya kudai "sawa iko wapi" imetosha, tupige kutengana kwenyewe, tuseme kutenga tu ni kuvunja katiba. Wakamcheka tena. Akawekeana dau na mwalimu wake Spottswood Robinson, dola 10, kwamba ile hukumu ya 1896 itakuwa imeanguka ndani ya miaka 25. Akaiandika hoja yake kama karatasi ya semina, akakabidhi, akaondoka zake.

Ilichukua miaka 10 tu. Na Robinson alikuwemo kwenye timu ya mawakili ya kesi ya Brown, na ile karatasi ya mwanafunzi wake aliitoa kabatini wakaisoma wakati wanajiandaa. Murray mwenyewe alikuja kuambiwa miaka kadhaa baadae.

Baba msalimie sana, shikamoo yake. Muulize kama yuko tayari kuweka dau.